Kumenya si kuosha: Ganda la tunda liliwe au litupwe?

Asubuhi moja mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa amembeba mwanawe wa miaka minne begani. Mtoto alikuwa ameharisha usiku kucha. Macho yake yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka, na nilipoifinya ngozi ya tumbo lake, ilichelewa kurudi mahali pake. Hizo ni dalili za mtoto aliyepungukiwa sana na maji mwilini. Tulimlaza na kumwekea maji kwenye mshipa. Siku ya tatu alirudi nyumbani akicheka.

Tulipokuwa tukisubiri maji yale yaingie mwilini, nilimwuliza mama huyo mtoto alikuwa amekula nini. Alinitazama kwa mshangao.

"Daktari, sijui uchafu huu umetoka wapi. Mimi humenya kila kitu. Hata nyanya nazimenya. Mapera niliacha kununua kwa sababu hayamenyeki. Si wewe uliyeniambia?"

Alisema kweli. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameniuliza kuhusu dawa zinazonyunyiziwa mboga na matunda. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu siku hiyo, nami nikamjibu kwa mkato, "Menya tu, mama, utakuwa salama."

"Na jana alikula tunda gani?" nilimwuliza.

"Papai. Nililimenya kwa mikono yangu mwenyewe."

"Uliliosha kabla ya kulimenya?"

"Nilioshe tunda ambalo ganda lake nitalitupa? Kwa nini?"

Siwezi kuapa kwamba papai lile ndilo lililomdhuru mtoto, kwani vyanzo vya kuhara ni vingi. Lakini swali la mama huyo lilinionyesha kwamba jibu nililompa awali lilikuwa nusu ya jibu, na kwamba nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi. Hebu leo tulijibu swali hilo kikamilifu.

Kazi ya ganda

Ganda ni ngozi ya tunda. Kama ilivyo ngozi ya mwanadamu, kazi yake ni kuyazuia maji yaliyo ndani yasitoke na kuvizuia viini vya maradhi vilivyo nje visiingie. Tunda lililokomaa vizuri, lisilo na mchubuko wala ufa, aghalabu huwa safi ndani. Uchafu wake uko nje.

Fikiria safari ya papai au tango kabla ya kufika mezani pako. Limetoka shambani, ambako pengine limeguswa na mbolea ya ng'ombe au maji ya mto uliochanganyika na maji taka. Limepakiwa ndani ya gunia au kreti, likasafirishwa kwa lori, likashushwa Marikiti au Kongowea na kuwekwa chini. Mchuuzi amelishika, na wanunuzi kadhaa wamelibonyeza kuona kama limeiva kabla hujalichagua wewe. Kila mkono umeacha chochote ulichokuwa nacho.

Miongoni mwa vitu hivyo ni viini vya homa ya matumbo, ambayo wengi wetu tunaiita taifodi, viini vya kipindupindu, vya kuhara damu na vya homa ya ini ya aina ya A. Kuna pia mayai ya minyoo, ambayo yanaweza kukaa katika udongo kwa miaka kadhaa yakiwa hai. Tusisahau kwamba mkurupuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwetu mwezi wa Oktoba 2022 uliendelea hadi 2023 na kuzifikia kaunti nyingi, Nairobi ikiwa mojawapo. Kwa hiyo maradhi haya si hadithi za zamani.

Kisu kinavyobeba uchafu

Sasa chukua kisu ulimenye papai hilo bila kuliosha. Ncha ya kisu inapita kwenye ganda chafu, kisha inaingia kwenye nyama ya tunda. Vidole vyako vinashika ganda, halafu vinashika nyama iliyomenywa. Kibao cha kukatia nacho kinapokea ganda na baadaye kinapokea vipande. Ganda umelitupa kweli, lakini sehemu ya kile kilichokuwa juu yake umeihamishia ndani.

Isitoshe, viini hivyo sasa vimepata makao bora zaidi. Juu ya ganda palikuwa pakavu, hapana chakula. Katika nyama ya tunda kuna maji na sukari. Matunda yasiyo na ukali, kama papai na tikiti maji, ni mabaya zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa viini huzaana humo kwa haraka yakiachwa kwenye joto. Nanasi na chungwa lina asidi inayopunguza kasi hiyo, ingawa viini vinaweza kubakia hai.

Ushahidi wa jambo hili si wa kubahatisha. Mwaka wa 2011, watu 147 waliugua nchini Marekani na 33 kati yao wakafa kutokana na viini vya Listeria vilivyokuwa kwenye matikiti matamu ya aina ya kantalupe. Mwaka wa 2017, nchini humo humo, watu 220 waliugua kutokana na mapapai yaliyoingizwa kutoka Mexico, na mmoja akafa. Viini vya mapapai hayo vilikuwa vya jamii ya Salmonella, na huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba mojawapo ya aina zilizopatikana huitwa kitaalamu Salmonella Kiambu. Ni desturi ya wanasayansi kuzipa aina hizi majina ya mahali.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna mtu anayekula ganda la papai wala la tikiti. Watu hao walikula nyama ya tunda. Kumenya hakukuwakinga.

Hapa ndipo niseme jambo kuhusu ushauri mmoja maarufu ambao wasafiri wanaokuja kwetu hupewa: chemsha, pika, menya, au uache. Ushauri huo si mbaya, lakini maana yake ni kwamba ulimenye tunda wewe mwenyewe, kwa mikono safi na kisu safi, kisha ulile papo hapo. Kamwe haumaanishi kwamba tunda lolote lililomenywa ni salama. Ndizi na chenza ndiyo mifano mizuri, kwa sababu humenywa kwa vidole bila kisu na nyama yake haiguswi sana.

Matunda ya kandokando ya barabara

Kwa wakazi wa mijini, hili ni jambo la kila siku. Mchana wa jua kali, mfanyakazi anatoka ofisini na kununua vipande vya tikiti, nanasi na papai kwenye kibanda au mkokoteni. Tunda tayari limemenywa na kukatwa. Pengine limekaa hapo tangu asubuhi, nzi wakilitembelea. Kisu huchovywa ndani ya ndoo moja ya maji, na maji hayo ndiyo yaliyokuwapo tangu kazi ilipoanza.

Simlaumu mchuuzi, kwani mara nyingi hana mfereji karibu. Wala sikatazi kununua matunda, maana twayahitaji. Ninachoshauri ni kwamba ununue tunda zima ulipeleke ofisini au nyumbani ulioshe mwenyewe. Ukiwa huna budi kununua lililokatwa, mwombe mchuuzi akukatie mbele yako tunda lililooshwa, na ulile wakati huo huo. Tunda lililokatwa likikaa nje zaidi ya saa mbili bila friji, liache.

Tabia nyingine ya kuangaliwa ni ile ya kumenya kwa meno. Wengi wetu tumelelewa tukiambua miwa kwa meno na kuanza chungwa kwa kuliuma. Tunapofanya hivyo bila kuosha, tunatia ganda chafu mdomoni moja kwa moja. Mtu huyo ni afadhali angekula tufaha lililooshwa na ganda lake.

Hasara ya kumenya kila kitu

Baada ya kusema hayo, msomaji anaweza kuuliza: basi kwa nini nisioshe kisha nimenye, niwe na uhakika maradufu?

Kwa matunda na mboga fulani, kufanya hivyo ni kutupa chakula. Katika ganda na chini yake mna nyuzinyuzi nyingi, ambazo wataalamu wa lishe pia huziita ufumwele. Tufaha la wastani likiliwa na ganda lina takriban gramu 4 za nyuzinyuzi. Likimenywa, hubaki na takriban gramu 2. Yaani nusu ya faida hiyo imeenda kwenye pipa la takataka. Ganda la nyanya nalo lina kwa wingi ile rangi nyekundu iitwayo laikopini, ambayo ni miongoni mwa viungo vinavyosaidia kuzikinga chembechembe za mwili.

Nyuzinyuzi hazisagwi tumboni kama vyakula vingine. Hupita hadi kwenye utumbo mkubwa, huko hufyonza maji na kukifanya choo kiwe laini. Mtu anayezikosa hufunga choo, hujikamua, na baada ya muda anaweza kupata bawasiri. Fauka ya hayo, nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, jambo lenye manufaa kwa mgonjwa wa kisukari, na husaidia kupunguza mafuta ya kolesteroli.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda tangu 1946 hadi miaka ya 1960, ni mmoja wa waliolitangaza jambo hili duniani. Aliona kwamba watu wa mashambani katika eneo letu, ambao chakula chao kilikuwa na nyuzinyuzi nyingi, hawakusumbuliwa sana na kufunga choo, bawasiri na ugonjwa wa kidole tumbo, ilhali maradhi hayo yalikuwa ya kawaida huko Uingereza. Leo mimi huyaona kila juma katika kliniki ya mjini. Tumeacha vyakula vya nyuzinyuzi tukashika mkate mweupe na chipsi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku na apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya watu wazima walikuwa hawafikishi sehemu tano za matunda na mboga zinazohitajiwa kwa siku. Kwa watu ambao tayari wanakula kidogo namna hiyo, woga wa maganda unaowafanya waache mapera na nyanya ni hasara juu ya hasara.

Hata hivyo, tusilitukuze ganda kupita kiasi. Utawasikia watu wakisema kwamba vitamini zote za kiazi ziko kwenye ganda. Si kweli. Sehemu kubwa ya vitamini C ya kiazi imo katika nyama yenyewe. Faida ya kukichemsha na ganda ni kwamba ganda huzuia vitamini hiyo isipotelee majini. Unaweza kukichemsha hivyo kisha ukakimenya kikiwa kimeiva.

Maganda ya kutupwa bila mjadala

Kuna vyakula ambavyo ganda lake lina sumu au linadhuru. Hivyo havina mjadala.

Muhogo ndio wa kwanza. Mihogo ina kemikali ambazo hugeuka kuwa sumu ya sianidi, na ganda lina nyingi kuliko nyama. Mihogo michungu ni hatari zaidi. Mnamo Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, watu 98 walidhurika kwa kula unga wa mihogo wenye sumu hiyo na wawili wakafariki. Umenye muhogo wote, pamoja na ile ngozi nene ya ndani, uuoshe, kisha uupike au uuchome hadi uive kabisa. Usitafune muhogo mbichi, na ukionja muhogo ulioiva ukauona mchungu, utupe.

Wa pili ni kiazi kilichogeuka kijani. Kiazi kikikaa kwenye mwangaza, ngozi yake hugeuka rangi. Rangi hiyo ya kijani yenyewe haina neno, lakini ni ishara kwamba sumu iitwayo solanini imeongezeka. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kwenye machipukizi, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka wa 1969, wavulana 78 wa shule moja kusini-mashariki mwa London waliugua baada ya kula viazi vya namna hiyo vilivyobaki tangu muhula uliotangulia. Kati yao 17 walilazwa hospitalini, na wote wakapona. Kiazi chenye kijani kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina na ukimenye chote. Kilicho kijani kingi au kinachouma ulimi, kitupe. Weka viazi mahali pakavu penye giza.

Nduma ni ya tatu. Ganda na nyama yake mbichi vina fuwele nyembamba kama sindano, ambazo huwasha mikono na koo. Nduma humenywa na kuiva vizuri ndipo iliwe.

Embe nalo lina jambo lake. Utomvu na ganda la embe vina kemikali inayoweza kuchubua ngozi. Wenyeji wa Pwani wanawajua watoto wanaotokwa na vidonda kandokando ya midomo wakati wa msimu wa maembe. Si wote wanaodhurika, lakini aliyewahi kudhurika amenyewe embe na mtu mwingine, na asilitafune ganda.

Je, dawa za kuua wadudu?

Hili ndilo lililomtia mama yule wasiwasi, na wasiwasi wake una msingi. Wako wakulima wanaonyunyizia dawa leo na kuvuna kesho, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa.

Kuna dawa za namna mbili. Zipo zinazobaki juu ya ganda. Kuosha kwa kusugua hupunguza sehemu ya dawa hizo, na kumenya huondoa zaidi. Lakini zipo dawa ambazo mmea huzinywa na kuzisambaza ndani yake, na nyingine hupenya taratibu kutoka juu. Hizo zilizo ndani huwezi kuzimenya. Katika jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani mwaka wa 2017, matufaha yalipakwa dawa mbili na kuachwa siku moja. Dawa moja ilipenya kwa asilimia 20 hivi, na nyingine kwa asilimia 4 hivi. Iliyobaki juu iliondoka baada ya matufaha kulowekwa kwa dakika 12 hadi 15 katika maji yenye bikaboneti ya soda, ule unga mweupe unaotumiwa kuumulia keki. Kipimo kilikuwa gramu 10 kwa lita moja ya maji, yaani takriban vijiko viwili vidogo. Atakaye anaweza kufanya hivyo nyumbani kisha asuuze kwa maji safi.

Hivyo basi, mtu akiogopa dawa anaweza kumenya tango au tufaha, nami sitamkemea. Ila asidhani kwamba ameondoa zote. Kinga kubwa ya dawa iko shambani, kwa mkulima anayefuata masharti na kwa wakaguzi wanaohakikisha anayafuata. Nyumbani, njia nzuri ni kubadilisha aina za mboga na matunda na kuyaosha vizuri. Madhara ya kuacha kula mboga kwa sababu ya woga ni ya hakika zaidi kuliko madhara ya masalio madogo ya dawa.

Wengine huniuliza kuhusu nta inayong'aa kwenye matufaha yanayotoka ng'ambo, kama yale ya Afrika Kusini. Tufaha lina nta yake ya asili, na ile inayoongezwa ni ya kuliwa. Osha na usugue, inatosha.

Namna ya kuosha

Fuata utaratibu huu:

1. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Osha pia kisu na kibao, hasa kama vilikuwa vimetumiwa kwa nyama mbichi.

2. Osha tunda au mboga nzima, kabla ya kumenya na kabla ya kukata, hata kama ganda litatupwa.

3. Tumia maji safi yanayotiririka na usugue kwa mikono kwa muda wa nusu dakika hivi. Mahali ambapo mfereji umekauka, mtu mmoja amimine maji kwa jagi huku mwingine akisugua. Kuyachovya matunda yote kwenye karai moja ni kuyagawanyia uchafu wa lile chafu zaidi.

4. Vyenye ganda gumu au lenye mikunjo, kama viazi, karoti, matikiti, maparachichi na mananasi, visugue kwa brashi safi iliyotengwa kwa kazi hiyo. Karoti ikisuguliwa hivyo haihitaji kumenywa.

5. Usitumie sabuni ya kufulia wala ya vyombo. Matunda na mboga huweza kuifyonza sabuni hiyo.

6. Pangusa kwa kitambaa safi kikavu. Kupangusa kwenyewe hupunguza zaidi viini vilivyobaki.

7. Osha unapotaka kula. Ukiosha na kuweka vikiwa na unyevu, vitaoza upesi.

8. Kata na utupe sehemu zilizooza au kuchubuka, na utoe na nyama kidogo iliyo karibu nazo.

Mboga za majani hazimenyeki, kwa hiyo kuosha ndiyo kinga yake. Tenganisha majani, yaoshe moja moja, na ubadilishe maji hadi usione mchanga chini. Wakazi wa mijini tumezoea mama mboga atukatie sukuma wiki pale kibandani ili turahisishe kazi. Mboga ikikatwa kabla ya kuoshwa, uchafu unaingia kwenye mikato, na ukija kuiosha nyumbani, vitamini zinakwenda na maji. Mwombe akuuzie majani mazima. Kwa zile zinazoliwa mbichi, kama kachumbari, nyanya, dhania na kitunguu vioshwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hakuna moto utakaorekebisha makosa yako.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Wako watu ambao kanuni hizi huwahusu kwa namna ya pekee. Watoto wachanga wanaoanza kula wamenyewe matunda, kwani ganda linaweza kuwakaba. Wajawazito, wazee na wagonjwa ambao kinga ya mwili wao imepungua waepuke kabisa matunda yaliyokatwa na wengine. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze madini ya potasiamu hushauriwa kumenya viazi, kuvikata na kuvichemsha kwa maji mengi yanayomwagwa. Na mtu mwenye ugonjwa wa matumbo aliyekatazwa nyuzinyuzi na daktari wake afuate maagizo hayo.

Asiyezoea nyuzinyuzi aziongeze polepole na anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litamjaa gesi.

Na iwapo mtoto ataanza kuharisha, usingoje. Mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, ambayo hupatikana kwa bei nafuu katika duka la dawa, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na umpeleke zahanati, ambako atapewa pia vidonge vya zinki. Macho yakididimia, mkojo ukikosekana au akilegea, hiyo ni dharura.

Kwa muhtasari

Uyaoshe yote, yanayomenywa na yasiyomenywa. Umenye yale ambayo ganda lake halilikiki au lina madhara: papai, nanasi, ndizi, embe, muhogo, nduma na kiazi cha kijani. Uyale na ganda lake tufaha, pera, nyanya, tango, biringani na karoti, yakiwa yameoshwa na kusuguliwa. Kiazi na kiazi kitamu kisicho na dosari unaweza kukila na ganda ukipenda, kikiwa kimesuguliwa na kuiva.

Mama yule alirudi majuma mawili baadaye kwa ajili ya kumpima mtoto uzito. Nilimwomba radhi kwa jibu la haraka nililompa siku ile. Alicheka, akafungua mkoba wake na kutoa pera moja, akampa mwanawe.

"Nimelisugua, Daktari," aliniambia kabla sijauliza.

Mtoto alilila lote, na ganda lake.